Mwenzangu wa Pea

Jumatano, 2 Oktoba

Hoja yangu imeingia leo. Nimeipeleka kwa katibu mwenyewe, kwa mkono, maana ukiituma kwa barua hapa Brackenshaw unaweza kuzeeka unasubiri jibu. Halmashauri tatu za bonde hili ziwe moja. Ofisi tatu za vibali ziwe moja, ofisi tatu za taka ziwe moja, wakurugenzi watatu wenye madereva watatu wabaki mmoja, na ajiendeshe mwenyewe. Tutapiga kura tarehe 5 Desemba.

Nimekuwa diwani kwa miaka ishirini na mbili, na watu hudhani napenda kufunga vitu. Hawamjui Ken. Mume wangu alipoanza kuanguka kwenye ngazi niliomba mshikio wa ukutani. Akaja mtu wa halmashauri kupima ngazi. Akaja mwingine kumpima Ken. Akaja wa tatu kupima ukuta, na huyu alipima upande usio na ngazi. Mshikio ulifika siku kumi na moja baada ya mazishi. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Ningeufunga mwenyewe kwa dakika ishirini, lakini niliambiwa nisiguse, kuna utaratibu. Nikatii. Hilo sijajisamehe.

Sitaki serikali isiyofanya kitu. Nataka itume mtu mmoja, mwenye futi mkononi na skrubu mfukoni.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua kutwa. Nimeuza ndoo tisa.

Jumatano, 9 Oktoba

Kamati ya fedha. Wilf Ormerod amesimama kunipinga kwa dakika arobaini bila karatasi. Wilf alikuwa dereva wa basi la njia ya kwenda Colne Head hadi alipostaafu, na bado anahutubia kama mtu anayewaambia abiria wasogee nyuma. Kasema hoja yangu itaipeleka halmashauri maili ishirini na sita kutoka hapa, na bibi kizee wa Mill Row akitaka kulalamika itabidi apande mabasi mawili, ambayo nayo upande wangu uliyafuta. Kasema wahudumu wa asubuhi, wale wanaopita kwa wazee kuona kama wameamka salama, nafasi zao zitachukuliwa na simu inayojipigia yenyewe. Hapo hakusema uongo. Imo kwenye hoja, ukurasa wa kumi na nne.

Nikamjibu kwamba kwa fedha za wakurugenzi wawili tu tungekarabati kila paa la Mill Row. Upande wangu wakagonga meza. Tulipotoka nje Wilf alinipa viazi vya shamba lake, vimefungwa kwenye gazeti, kama afanyavyo kila mwaka.

"Kula, Bi. Misumari," akasema. "Upate nguvu za kutufukuza kazi."

Amekonda. Koti linamning'inia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Wilf amekuja dukani leo mchana, mvua ikipiga vioo, akanunua bawaba moja asiyoihitaji. Akasubiri mteja mwingine atoke. Kisha akaniambia ana saratani ya kongosho, kama vile mtu anavyokwambia basi limechelewa.

Nilimuuliza kama anataka chai. Akasema anataka pea.

Nieleze, kwa kuwa vijana wanaoingia barazani siku hizi hawaijui desturi hii. Diwani akiwa mgonjwa, anamwendea mmoja wa upande wa pili na kumwomba afungane naye pea. Siku ya kura wote wawili wanakaa nyumbani, na hesabu haibadiliki. Haiandikwi popote. Ni neno la mtu tu, na hapa bondeni mwenye kuvunja pea hasahauliki. Kuna mmoja alivunja kabla sijaolewa, na hadi leo wajukuu zake wanaitwa wavunja pea.

Tuko thelathini na mmoja. Kumi na sita tunaitaka hoja, kumi na tano hawaitaki. Mimi na Wilf tukikaa nje inakuwa kumi na tano kwa kumi na nne, na hoja inapita. Kwa hiyo pea hii hainigharimu kitu, na yeye analijua hilo. Anachotaka ni kushindwa kwa heshima, si watu waseme Wilf Ormerod alikosa kura yake.

Tukapeana mikono juu ya kaunta. Mkono wake una baridi. Ameniomba nisiseme kwa nini. Hata chama chake hakijui anaumwa, wanadhani ni vidonda vya tumbo.

Alipoondoka nilifunga duka saa nzima kabla ya wakati. Nimelia, na nimeshangaa kulia. Yule mtu amenikera kwa miaka ishirini na mbili.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua. Mto umefika kwenye ngazi za kanisa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimekwenda kwa Wilf na supu. Binti yake, Lorna, amehamia kumwangalia. Anafundisha shule ya msingi ng'ambo ya mlima na amechukua likizo. Hanipendi, na haoni haja ya kulificha.

Wilf anahitaji kitanda kile kinachopanda na kushuka. Nimekuta wameshakuja watu wanne kupima. Wa nne alipima mlango, akasema mlango ni mzuri, akaondoka. Nilikaa kwenye simu nikibadilishiwa ofisi tano. Niliporudishwa kwa ya kwanza, Wilf alicheka hadi akashika ubavu.

"Endelea, bibie," akaniambia. "Nakuona unaitetea hoja yako kwa simu yangu."

"Unaona sasa?" nikamwambia. "Hii ndiyo dola unayoililia."

"Naiona. Ni kubwa juu, chini haina miguu. Wewe unataka kukata miguu."

Nikamwambia nataka kukata kichwa. Akasema kwa uzoefu wake wa barazani, mwenye kichwa ndiye anayeshika msumeno, na hajawahi kuona mtu akijikata mwenyewe. Nimerudi nyumbani nikitafuta jibu, na nililipata nikiwa naosha sufuria, na lilikuwa jibu zuri. Sasa nimelisahau.

Jumatano, 30 Oktoba

Kitanda kimefika. Vimefika viwili.

Jumanne, 5 Novemba

Fataki za sherehe ya kila Novemba zimelowa, nusu hazikuwaka. Tulimsogeza Wilf dirishani. Lorna amenipa kikombe cha chai bila kuulizwa.

Jumanne, 12 Novemba

Ukungu tangu alfajiri, huoni jengo la kinu cha zamani. Nimefika kwa Wilf mapema kwa sababu Lorna alikuwa na miadi, na nimemkuta Nasreen, mhudumu wa asubuhi. Ninamjua kwa jina tu, kwenye orodha ya nafasi zinazofutwa.

Muda wake kwa kila nyumba ni dakika kumi na tano. Nilikuwa nimeketi mbele ya saa ya ukutani, na mimi ni mtu wa kuangalia saa. Alimgeuza Wilf, akamwosha, akambadilisha shuka, akamnyoa. Alimnyoa kwa utaratibu akiwa amemshika kidevu, huku akimtania kwamba ana sura ya mtu aliyeiba basi. Akapima dawa. Akakaa kitandani akamsikiliza habari za mwaka ule theluji ilipofunga barabara na yeye akalala na abiria kumi na saba ndani ya gari. Zilipita dakika arobaini na tatu. Kisha akatoa kidaftari chake na kuandika kumi na tano.

Nilimfuata mlangoni nikamuuliza hizo nyingine anazitoa wapi. Akanitazama akatambua mimi ni nani.

"Nazitoa kwangu, mama," akasema. "Huko hamjafuta bado."

Nimekaa na sentensi hiyo siku nzima. Nilianza maisha ya siasa kwa kuwachukia watu waliokuja kwa Ken na makaratasi. Huyu hakuja na karatasi. Alikuja na wembe na maji ya moto.

Jumatano, 13 Novemba

Nimekwenda kwa Adrian Pell. Adrian ni kiongozi wa kundi letu barazani, mhasibu, ana miaka thelathini na minane na viatu visivyoguswa na matope. Nilimwomba tuiguse hoja kidogo tu, ukurasa wa kumi na nne: tuwaache wahudumu wa asubuhi, tupunguze zaidi juu.

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Muriel, kila diwani ana Nasreen wake. Peter ana mkutubi. Joyce ana yule mzee wa bustani. Kila mmoja akiokoa wa kwake, tutabaki na halmashauri tatu vilevile tulivyo, na mume wa mtu mwingine atasubiri mshikio."

Ndiyo maneno niliyomfundisha mwenyewe alipoingia barazani, pengine kwa lugha mbaya zaidi.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua. Hakuna wateja.

Alhamisi, 21 Novemba

Theluji ya kwanza, nyepesi, haikushika. Wilf amebadilika rangi. Wamempa mofini, na mara nyingine katikati ya maneno anakwenda mbali na kurudi. Aliniita kwa jina la mama yake, akashtuka, akajicheka.

Akaniuliza kama nisingekuwa nimefungwa na pea, ningepigaje kura.

Nilitaka kumdanganya. Mtu yuko vile, unampa anachotaka. Lakini hatukuwahi kudanganyana, na nilidhani hiyo ndiyo heshima pekee niliyobaki nayo ya kumpa. Nikamwambia ningeikubali hoja. Ningeikubali nikijua ni nini kinampata Nasreen, na ningelia njia nzima.

"Basi umepiga hatua," akasema. "Zamani usingelia."

"Na wewe?"

"Ningeikataa, nikale chipsi."

Lorna alitusikia tunacheka, akaja kuangalia mlangoni. Nadhani alifikiri ni kikohozi.

Alhamisi, 28 Novemba

Adrian dukani. Amesikia kwamba nitakaa nje siku ya kura. Nani kamwambia sijui. Anasema mmoja wetu anayumba, Peter, kwa ajili ya maktaba, na kura moja inaweza kuwa ndiyo yote. Anataka nije.

Nikamwambia nimeshatoa neno.

"Kwa mtu asiyeweza hata kutoka kitandani," akasema. "Ukilivunja atapoteza nini? Hatajua."

Nilimuuzia kopo la rangi nikamwonyesha mlango.

Jumatatu, 2 Desemba

Barafu nyembamba barabarani. Magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu hayakupita Mill Row. Kila halmashauri ilidhani ni zamu ya jirani. Nimempigia Adrian nikamwambia aitumie hiyo kwenye hotuba.

Alhamisi, 5 Desemba

Naandika saa tatu na nusu usiku. Sijavua hata aproni.

Kura ilikuwa saa moja jioni. Nilibaki nyumbani kama nilivyoahidi. Nilipiga pasi mapazia, ambayo hayapigwi pasi. Saa moja na nusu nikajua tayari imeshakuwa. Nilijimiminia mvinyo kidogo wa sheri, nikakaa kwenye kiti cha Ken, na nakiri nilifurahi. Miaka ishirini na mbili. Nilimwambia Ken kwa sauti kwamba imekwisha.

Simu ikalia. Adrian. Hakusalimia.

"Amekuja," akasema.

Wilf alikuwa ameletwa kwenye kiti cha magurudumu, kavaa koti juu ya nguo za kulalia, Lorna akisukuma. Upande wake walisimama wakampigia makofi, wengi wao ndiyo kwanza wanaona hali yake. Peter hakuyumba. Zikahesabiwa: kumi na tano wanaotaka, kumi na tano wasiotaka, na kiti changu kitupu. Mwenyekiti ni wa upande wetu, aliyeitaka hoja hii kuliko mimi. Lakini kura zikifungana, mwenyekiti huongeza kura ya uamuzi, na kwa kura hiyo hulinda kilichopo. Ndiyo desturi, na yeye ni mtu wa desturi. Akaitupa hoja yetu, Adrian anasema.

Kwa kanuni zetu haiwezi kurudi kabla ya miezi sita. Kabla ya hapo kuna uchaguzi, na hesabu haitakuwa hii tena. Imekufa.

Nimekaa hapa nikijiambia ni dawa. Amesahau. Maskini amesahau, na binti hakujua kitu, akamvalisha akampeleka. Ninaamini hivyo. Lazima iwe hivyo.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimekwenda asubuhi. Lorna alinifungulia akiwa amejaa fahari, akaniambia baba yake hajawahi kuwa na usiku mzuri kama ule. Hajui kitu. Hakuna aliyemwambia kuhusu pea. Alipanda juu kutafuta shuka, nikabaki na Wilf peke yetu.

Alikuwa macho. Macho yake yalikuwa safi kama siku aliyokuja kununua bawaba.

"Ulisahau," nikamwambia. "Sikulaumu, Wilf. Ni hizi dawa."

Akatikisa kichwa.

"Sikusahau. Jana sikuzinywa tangu mchana, ili akili iwe yangu. Nilikumbuka Lorna aliponivalisha soksi. Nikakumbuka kwenye lifti. Nikaona kiti chako hakina mtu, nikasema, yule mwanamke yuko nyumbani analinda neno lake. Halafu nikanyoosha mkono."

Nilimuuliza kwa nini.

"Kwa sababu tulikuwa tunashindwa," akasema. "Nilifikiri naweza kushindwa kwa heshima. Nikalala hapa wiki sita naoshwa na Nasreen. Nikaona heshima ni yangu peke yangu, na yeye haimsaidii kitu."

Nikasikia Lorna anafungua kabati juu. Nikamwambia watu wataanza kusema amevunja pea, na kwamba nitawaambia alikuwa amechanganyikiwa. Nitalilinda jina lake.

Hapo akanishika kifundo cha mkono. Sikujua bado ana nguvu hizo.

"Usithubutu, Muriel." Hajawahi kuniita kwa jina langu. "Sasa hivi nanyanyuliwa, nageuzwa, nanyweshwa. Kuna jambo moja nimelifanya mwenyewe, na ni baya, nalijua. Usininyang'anye."

"Unajua umenifanyia nini?"

"Najua. Ndiyo maana nakwambia wewe."

Hakuomba msamaha. Nilisubiri aombe. Kama angeomba ningempa hapohapo, nilikuwa nao tayari mdomoni. Alinitazama tu. Nikachukua mkoba wangu nikatoka bila kumuaga, na Lorna akaniita kutoka juu ya ngazi kwamba chai iko tayari.

Jumamosi, 7 Desemba

Sikwenda.

Jumapili, 8 Desemba

Sikwenda. Theluji imeshika.

Jumatatu, 9 Desemba

Adrian amekuja na mwanasheria wa halmashauri, mama mmoja makini sana mwenye mafua. Kuna kanuni: ikithibitika diwani hakuwa na akili timamu alipopiga kura, kura yake haihesabiki. Inakuwa kumi na tano kwa kumi na nne, na hoja inapita. Wanataka mtu aliyezungumza naye karibu na siku ile na anayemjua vizuri. Daktari anasema mofini inaweza kumchanganya mtu, lakini siku ile hakumwona. Nasreen ameulizwa, amesema yeye alimwona asubuhi tu, na asubuhi alikuwa anamsimulia theluji.

"Hakuna anayepoteza," Adrian akasema. "Wewe unapata hoja yako. Yeye anabaki mtu mwenye neno lake. Wote tunajua ndivyo ilivyokuwa."

Nimeomba siku chache. Kesho nitakwenda kwa Wilf. Nitamuaga vizuri kwanza, mambo mengine baadaye.

Jumanne, 10 Desemba

Amefariki saa kumi na mbili asubuhi. Nasreen ndiye aliyemkuta Lorna amekaa sakafuni pembeni ya kitanda.

Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Jumatano, 11 Desemba

Lorna amekuja kwangu. Hajawahi kuingia nyumba hii. Aligoma kukaa.

Mtu wa gazeti alimpigia kuuliza pea ni nini na baba yake aliivunja kwa nini. Ndiyo mara ya kwanza analisikia neno hilo. Amezunguka kwa marafiki wa chama cha baba yake, na wawili wamemwambia hawatabeba jeneza hadi ukweli ujulikane. Watu waliompigia makofi Alhamisi.

"Wewe ulizungumza naye Ijumaa," akasema. "Sema tu alikuwa hajielewi. Mimi sijali hoja yenu, chukueni. Mimi nataka azikwe kama mtu."

Nikamuuliza yeye alimwonaje siku ile.

"Alinielekeza njia," akasema. "Nilitaka kupita kwa kituo cha mafuta, akaniambia pale kuna barafu. Lakini hilo nimeshalisahau. Na wewe unaweza kusahau."

Nilimshika mkono, akauacha hapo kwa muda. Nikamwambia nitafikiri. Alidhani nimekubali. Alinibusu shavuni.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimejaribu kuandika maelezo. "Hakuwa na uwezo wa kuelewa." Ni maneno matano tu. Nimeyaandika mara nne na kuyachana.

Kila niliyetaka kumlinda analindwa na maneno haya. Hoja ya maisha yangu inapita. Jina la Wilf linasafika. Lorna anapata wabebaji sita. Anayeumia ni Nasreen na wenzake, na hao nilishakubali kuwaumiza tangu Oktoba.

Lakini miaka yote hii nimesimama barazani nikisema mtu mzima aachwe ajiamulie, ofisi isimwambie hajui anachotaka. Nilisema hivyo kwa ajili ya leseni na vibali na urefu wa uzio. Sasa natakiwa nitie sahihi kwamba mtu mzima hakujua alichotaka, kwa sababu alichotaka kimetuharibia hesabu.

Na tena nina hasira. Niseme ukweli humu, maana kwingine sitausema. Sehemu moja ya moyo wangu inataka kijiji kizima kijue alichonifanyia.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimekwenda ofisini kwa mwanasheria saa nne asubuhi. Nimeandika: "Nilizungumza na Diwani Ormerod tarehe 6. Alikuwa na akili zake zote. Alikumbuka makubaliano yetu na akaamua kuyavunja." Nimetia sahihi.

Adrian aliisoma akiwa amesimama. Hakufoka. Aliniuliza tu kama nimeelewa nimefanya nini, nikamwambia ndiyo, na nikagundua namjibu kama Wilf alivyonijibu.

Sijui kama nimesema kweli kwa kumheshimu au kwa kumlipiza. Nimelitafuta jibu njia nzima ya kurudi, na yote mawili nimeyakuta.

Jumamosi, 14 Desemba

Gazeti. Ukurasa wa mbele, picha yake ya zamani na kofia ya udereva. Sikulimaliza kusoma. Dukani hakuingia mtu hadi mchana. Kisha akaingia mwanamke wa Mill Row, akanunua balbu, akaniambia bila kunitazama kwamba marehemu hasemwi.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua imeyeyusha theluji yote.

Jumatano, 18 Desemba

Tumemzika Wilf.

Kanisa lilikuwa nusu. Wa chama chake walikuja wachache, wakakaa upande mmoja wakiangalia vitabu vya nyimbo. Wabebaji walikuwa madereva wanne wa zamani, wazee kama yeye, na watu wawili wa nyumba ya mazishi. Walipanda ngazi taratibu sana. Lorna alipita karibu yangu mara mbili. Mara zote mbili aligeuza uso, na ana haki. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, kwamba baba yake aliniomba mwenyewe, lakini maneno hayo yangekuwa kwa faida yangu, si yake.

Nasreen alikuja na sare yake, akasimama nyuma mlangoni. Alikuwa na nyumba sita za kumaliza. Alipoondoka alinigusa bega. Sikujua anashukuru au anapoza. Kazi yake ipo, na wakurugenzi watatu wapo, na madereva wao, na kesho mtu atatumwa kwenda kupima ukuta usio na ngazi.

Sijabadilika. Nimejichunguza siku hizi zote kama nimebadilika, na naona bado hoja ile ilikuwa ya haki. Jioni hii nimekaa na karatasi za hoja, nikaona mahali kwenye ukurasa wa kumi na nne ambapo tulikosea kabisa, na pengine kungekuwa na njia ya kumpunguza mkurugenzi bila kumgusa mhudumu, ukianza hesabu kwa upande mwingine. Nimechangamka. Nimechukua kalamu, nikavuta simu karibu ili nimpigie Wilf anibishie, na nikabonyeza namba tatu za mwanzo kabla sijakumbuka.